Ikilia Ina Jambo: Kitenzi cha Kiingereza "Cry" na Hatima ya "Lia" katika Tafsiri na Uhakiki

Mwanafunzi wa tafsiri anapoulizwa kisawe cha kitenzi cha Kiingereza "cry" hujibu "lia" bila kusita, na ni vigumu kumlaumu. Vitenzi hivi viwili ni vya kawaida mno katika lugha zao. Hufunzwa mapema, hutumiwa na mtoto na mzee, na katika sentensi nyingi za kila siku kimoja huweza kukaa mahali pa kingine pasitokee malalamiko. Mtoto ameanguka, analia. Mwingereza naye atakitumia kitenzi chake hicho hicho, na shughuli imekwisha. Wepesi huo ndio unaostahili kutiliwa shaka. Neno adimu humfanya mfasiri asimame na kufikiri. Neno la kila siku humpitisha mbio, na mara nyingi ni katika maneno ya aina hii ambapo maana ya matini nzima huponyoka pasipo mtu kugundua.

Makala haya yanadai kwamba "cry" na "lia" ni vitenzi vilivyokuwa karibu sana hapo mwanzo, vyote viwili vikiwa vitenzi vya sauti, kisha vikaachana njia. Kiingereza kimekivuta kitenzi chake kuelekea kwenye machozi. Kiswahili kimebaki na sauti. Tofauti hiyo haiwahusu wanaisimu peke yao. Mhakiki anayesoma neno "kilio" kwa masikio ya Kiingereza huishia kuona huzuni pale ambapo mwandishi alikusudia madai, na akishaona huzuni, uhakiki wake wote hugeuka kuwa maelezo ya jinsi wahusika wanavyosikitisha.

Historia ya "cry" inajulikana vyema. Kitenzi hiki kiliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, yapata karne ya 13, na chanzo chake cha mbali ni kitenzi cha Kilatini "quiritare". Mwanazuoni wa Kirumi Varro, aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alikihusisha kitenzi hicho na neno "Quirites", jina walilojiita raia wa Roma. Kwa maelezo yake, "quiritare" ni kupaza sauti kuwaita raia wenzako waje kukusaidia. Wapo wanaisimu wa baadaye walioyatilia shaka maelezo hayo, lakini hata wakiwa na haki, yanaonyesha jinsi Warumi wenyewe walivyolisikia neno lao. Waliona ndani yake mwito, na ndani ya mwito waliona watu wanaotarajiwa kuitikia. Kwa karne kadhaa Kiingereza kililitumia neno hili kwa maana hiyo ya kupaza sauti, na shughuli ya kutokwa na machozi ilikuwa chini ya kitenzi kingine cha kale zaidi, "weep". Maana ya machozi ilianza kushika nguvu katika "cry" mnamo karne ya 16.

Ajabu ni kwamba "weep" nacho kilikuwa na historia ya namna hiyo hiyo. Ndugu yake katika lugha ya Kigothi, "wopjan", alikuwa na maana ya kuita na kupaza sauti. Hivyo Kiingereza kimetwaa kitenzi cha sauti mara mbili na mara zote mbili kikakikausha sauti yake, kikabakiza maji ya machoni. Leo "weep" ni neno la vitabuni na la ibada, na "cry" ndilo linalobeba mzigo wa kila siku. Maana ya zamani haijafutika kabisa. Imebaki katika riwaya, ambamo mhusika aliyeshtuka hupewa kitenzi hicho badala ya "alisema". Imebaki katika semi chache zilizoganda. Imebaki katika jina la yule mtu aliyekuwa akizunguka mjini kutangaza amri za watawala, ambaye Kiswahili humwita mpiga mbiu. Lakini Mwingereza wa leo akikiri kwamba jana usiku ali-"cry", bila kuongeza neno, hakuna atakayemuuliza alimwita nani.

Mpiga mbiu huyo anaturudisha pwani. Methali inasema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Inafaa kukitazama kitenzi kilichomo. Mbiu, yaani pembe, hailii kwa sababu ina huzuni, wala haina macho ya kutoa machozi. Inalia kwa sababu inatoa sauti, na sauti hiyo ina ujumbe unaomhusu anayeisikia. Kengele hulia, simu hulia, ngoma hulia, bunduki hulia, ndege wa mwituni hulia. Msemaji wa Kiswahili hahisi kwamba anatumia sitiari anaposema hivyo, kwamba ameipa simu tabia ya mtu aliyefiwa. Anatumia maana ya msingi ya kitenzi. Lugha nyingine za Kibantu zina kitenzi cha asili moja na hiki: Kinyarwanda kina "kurira", Kichewa kina "lira", Kigikuyu kina "rĩra", Kizulu kina "lila". Kiswahili kilipoteza konsonanti ya pili ya mzizi, ndiyo maana kauli ya kutenda imebaki fupi mno.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa tabia ya kitenzi hiki haupatikani katika kamusi. Unapatikana katika lile neno ambalo mama humwambia mtoto anayelia. Humwambia "nyamaza". Kinyume cha kulia katika Kiswahili ni kunyamaza, yaani kukoma kutoa sauti, na anayembembeleza mtoto husemwa kwamba anamnyamazisha. Mtoto akishanyamaza, machozi yanaweza kuwa bado yanamtiririka mashavuni na kamasi zikamshuka, lakini hakuna atakayesema kwamba bado analia. Pengine atasemwa kwamba anasinasina. Kwa Mwingereza wa leo mtoto huyo angali ana-"cry" mpaka macho yakauke.

Machozi yenyewe Kiswahili kimeyapa sarufi yake. Husemwa kwamba machozi yalimtoka, yalimlengalenga, yalimbubujika. Au mtu alitokwa na machozi, alidondokwa na machozi. Katika miundo hii machozi ndiyo kiima, ama mtu amewekwa katika kauli ya kutendwa. Hakuyafanya machozi, yalimpata. Kulia, kwa upande mwingine, ni tendo. Mtu huanza kulia, huacha, huzidisha, huangua kilio kama anavyoangua kicheko. Analia kwa kite na shake. Analia ngoa, na hapo hata msiba hauna, ana wivu tu. Kiingereza kimeyaweka mambo haya mawili chini ya kiima kimoja na kitenzi kimoja, na ndiyo sababu anayefikiri kwa Kiingereza huyaona kuwa jambo moja.

Mnyambuliko nao unathibitisha jambo hili. Katika kauli ya kutendea, "lilia", kilio hupata mlengwa. Methali ya mtoto anayelilia wembe haina haja ya machozi. Kinachozungumzwa ni dai, tena dai la mkaidi. Katika kauli ya kutendesha, "liza", mtu huweza kuliza kengele, huweza kumliza mwenziwe kwa maneno makali, na katika lugha ya mitaani huweza kumliza kwa kumtapeli fedha zake. Huyu wa mwisho hulizwa hata kama ni mtu mzima asiyetokwa na chozi hadharani: atapita kila duka akisimulia alivyolaghaiwa.

Tofauti hii inapokutana na matini ya Kiingereza, mambo huanza kuwa magumu. Mfano ulio karibu ni tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri akaichapisha mwaka 1963, kisha akairudia na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika tamthilia hiyo kitenzi "cry" kinafanya kazi tatu tofauti. Mapema, Kaizari akipita katikati ya umati, anasikia sauti ikimwita, na kitenzi kilichotumiwa kwa mwito huo ni "cry". Baadaye, Antonio akiwa peke yake na maiti, anatabiri vita, na roho ya Kaizari inapewa kitenzi hicho hicho kwa maana ya kutoa amri ya kijeshi ya kuvamia na kupora. Kisha, katika hotuba ya mazishi, Antonio huyo huyo anawakumbusha Warumi jinsi marehemu alivyowatendea maskini. Hapo Shakespeare ameweka vitenzi viwili kando kwa kando. Kitendo cha maskini amekipa "cry", na cha Kaizari amekipa "weep".

Mpangilio huo haukutokea kwa bahati. Antonio anajibu shutuma kwamba Kaizari alikuwa na uchu wa madaraka, na hoja yake inahitaji vitendo viwili vinavyofuatana: ombi na jibu. Maskini walipaza sauti, kwa maana ile ya kale ya kuwaita wenzao. Mtawala akasikia, na ishara kwamba amesikia ikawa machozi. Mfasiri wa Kiswahili anayevitia vitenzi vyote viwili katika "lia" anaondoa mfuatano huo. Kaizari anakuwa amejiunga na kelele tu. Umbali kati ya anayeomba na anayeombwa unapotea, na pamoja nao unapotea ujanja wa Antonio, maana umati unaomsikiliza nao ni maskini ambao punde si punde watapaza sauti. Kwa bahati nzuri Kiswahili kina nyenzo za kutosha hapa, tena kuliko Kiingereza cha leo: upande mmoja kuna kulia na kulilia, upande wa pili kuna machozi kumtoka mtu. Kinachotakiwa ni mfasiri akumbuke kwamba "cry" ya mwaka 1599 iko karibu zaidi na "lia" kuliko ilivyo "cry" ya leo. Kwamba Mwalimu aliirudia kazi yake baada ya miaka michache ni dokezo tosha kwamba hata vitenzi vya kila siku havimalizwi kwa mkao mmoja.

Watafsiri wa Biblia walikabiliwa na suala hili kutoka upande mwingine, na jinsi walivyolitatua kunastahili kuangaliwa zaidi ya kulivyozoeleka katika madarasa ya fasihi. Katika sura ya kumi na moja ya Injili ya Yohana, Mariamu na Wayahudi wanamlilia Lazaro, na matini ya Kigiriki inatumia kwao kitenzi cha kilio cha sauti. Kwa Yesu, kabla hajafika kaburini, mwandishi anabadilisha kitenzi. Anatumia kimoja ambacho asili yake ni nomino ya chozi, na ambacho hakitumiki mahali pengine popote katika Agano Jipya. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliwapa wote kitenzi kimoja, "weep", na tofauti ikafutika. Watafsiri wa Union Version, Biblia ya Kiswahili iliyokamilika mwaka 1952, waliwaachia waombolezaji "lia" peke yake, lakini kwa Yesu wakaongeza nomino: kulia machozi.

Msomaji wa haraka ataona hapo uziada wa maneno. Alie machozi, kwani angelia nini kingine? Lakini swali hilo ni la mtu aliyeshatawaliwa na Kiingereza. Katika Kiswahili cha kawaida mtu huweza kulia pasipo machozi na machozi huweza kumtoka pasipo kulia, na nomino ile imewekwa ili kumtenga Yesu na sauti za watu waliomzunguka. Katika Injili ya Luka, Yesu anapoutazama mji wa Yerusalemu, Kigiriki kinarudia kitenzi cha sauti. Kiswahili nacho kinabadilika: machozi hayatajwi tena, kitenzi kimetiwa katika kauli ya kutendea, na mji ndio mtendewa. Anaulilia kama msiba unavyoliliwa. Kiingereza cha 1611 kwa mara nyingine kimesema "weep". Ikiwa kuna mahali ambapo tafsiri ya Kiswahili imekaa karibu na matini chanzi kuliko tafsiri maarufu ya Kiingereza, ni hapa, na ukaribu huo umetokana na kitenzi ambacho wengi hukidhani kuwa maskini wa maana.

Waswahili wa pwani hawakungoja Biblia iwafunze tofauti hii. Mafundisho ya Kiislamu juu ya mazishi yanatenganisha kutokwa na machozi, jambo lisilokatazwa, na kupiga mayowe ya maombolezo, jambo linalokatazwa. Na husimuliwa kwamba Mtume Muhammad alitokwa na machozi mwanawe mchanga Ibrahim alipokuwa akikata roho. Lugha ya jamii inayohitaji kuyaeleza mafundisho hayo katika kila msiba haiwezi kuruhusu kitenzi kimoja kiyameze mambo yote mawili. Neno "kilio" lenyewe limepanuka likawa jina la shughuli nzima: mtu huenda kilioni, hukaa kilioni, hurudi kutoka kilioni, na huenda hakutoa sauti yoyote wala chozi lolote, alikwenda kupika. Methali inaeleza utaratibu wa shughuli hiyo kwa usahihi wa kisheria: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Kuna mwenye haki ya kuanza na kuna wanaopaswa kuitikia. Varro angeielewa methali hiyo papo hapo.

Utaratibu huo ndio unaotoa mwanga juu ya jina la riwaya ya Alan Paton ya mwaka 1948, Cry, the Beloved Country. Kwa Kiingereza uzito wote wa jina hilo umewekwa juu ya mkato mmoja. Mkato ukiwepo, nchi inaambiwa ilie. Ukiondolewa, au msomaji akiuruka, anayeambiwa alie ni yeye, na nchi ndiyo inayoliliwa. Wasomaji wengi huuruka. Kiswahili hakiwezi kuacha jambo hili mikononi mwa alama ya uakifishaji. Ama mfasiri atasema nchi ilie, ama atasema nchi ililiwe, na silabi moja itaamua ni nani mfiwa na ni nani maiti. Ndani ya riwaya kuna aya ambamo nchi inaambiwa ilie kwa ajili ya mtoto ambaye hajazaliwa, mrithi wa hofu ya watu wazima. Hapo hakuna utata tena. Nchi ndiyo mtenda, na mtoto ndiye anayeliliwa. Nchi ya Paton haijafa. Ni mfiwa, na kwa mujibu wa ile methali ndiyo inayopaswa kuanza ili wa mbali waingie. Mwanafunzi anayelifasiri jina la riwaya hii kana kwamba ni tanzia ya Afrika Kusini ameizika nchi ambayo mwandishi anaiamuru ipaze sauti.

Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa bado anaandika kwa jina la James Ngugi, aliipa riwaya yake ya mwaka 1964 jina la Weep Not, Child, alilolitoa katika shairi la Mmarekani Walt Whitman. Katika shairi hilo mtoto amesimama ufukweni usiku pamoja na baba yake, mawingu yanazifunika nyota, na mtoto anatokwa na machozi kimya. Ni kule kimya kunakomsumbua mfasiri. Amri ya kawaida ya Kiswahili kwa mtoto wa hali hiyo ni "nyamaza", lakini mtoto huyu hajatoa sauti ya kunyamazwa. "Usilie" nayo inampa kelele ambazo hakuzipiga. Labda "futa machozi" ingekaribia zaidi, ingawa ina harufu ya nyimbo za mapenzi. Suala linakuwa zito zaidi likihamishwa kutoka ufukwe wa Whitman hadi Kenya ya miaka ya hali ya hatari, ambamo Njoroge na jamaa zake wanaishi. Katika nchi iliyo chini ya amri za kutotoka nje na kambi za mahabusi, mtoto kuambiwa "nyamaza" kuna maana mbili. Mama humnyamazisha mtoto kwa mapenzi. Serikali humnyamazisha raia kwa kifungo. Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa vyote viwili, na sababu ni ile ile: anayelia ni mtu anayetoa sauti, na anayetoa sauti anaweza kubembelezwa au kuzibwa mdomo.

Hapa ndipo suala la kisawe linapoacha kuwa zoezi la darasani. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ya Kenya baada ya uhuru umezoea kuzungumzia "kilio cha wanyonge" kana kwamba ni hali ya moyo. Wahusika hulia, mhakiki huorodhesha mateso yao, kisha huhitimisha kwamba mwandishi "anatusikitisha". Istilahi ni za Kiswahili, lakini maana iliyoko nyuma yake ni "cry" ya karne hii. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi iliyouliza Kenya inaelekea wapi, na mashairi aliyoyatunga kwa siri gerezani yalichapishwa mwaka 1973. Jina alilochagua halikutaja machozi wala huzuni. Ni Sauti ya Dhiki. Dhiki imepewa sauti, na sauti hutafuta sikio. Anayeyasoma mashairi hayo kama kumbukumbu za mtu aliyesononeka amesoma nusu ya pili ya jina akaiacha ya kwanza.

Mfano ulio tajiri kupita yote, hata hivyo, ni tamthilia ya Alamin Mazrui ya mwaka 1981, Kilio cha Haki. Wafanyakazi wa shamba la mlowezi Delamon, wakiongozwa na mwanamke, Lanina, wanadai haki zao. Hakuna msomaji makini anayeweza kudhani kwamba kilio kilichomo katika jina ni machozi, kwa kuwa tamthilia nzima ni ya madai, mipango na mgomo. Lakini hata baada ya kukubali kwamba kilio hicho ni sauti, bado jina halijaisha. Kihusishi "cha" kinaruhusu usomaji wa aina tatu. Katika usomaji wa kwanza haki ndiyo inayoliliwa, na wafanyakazi ndio wanaolia, wakiililia kama mtoto wa methali anavyoulilia wembe, na kwa hatari ile ile. Katika usomaji wa pili haki yenyewe ndiyo inayolia. Imekuwa kama ile mbiu, na anayeisikia anapaswa kujua kwamba ina jambo. Usomaji wa tatu ni ule wa kilioni. Kilio cha fulani ni matanga ya fulani, na kwa maana hiyo jina linatangaza msiba: haki imekufa, waliofiwa wameshaanza, wa mbali wanangojwa.

Usomaji huu wa tatu haujapewa nafasi inayostahili, ingawa ndio unaoeleza vizuri zaidi hali ya mtazamaji ukumbini. Mtazamaji ni wa mbali. Amekuja kilioni, na kwa desturi aliyekuja kilioni hakai kama mgeni wa arusi. Ndio pia unaoeleza nafasi ya Lanina katika mgogoro. Yeye hatendi kama kiongozi aliyejiteua. Anatenda kama mfiwa mwenye haki ya kuanza, na wafanyakazi wanaositasita ni watu wanaojiuliza kama msiba huu ni wao pia. Wenye shamba, kwa upande wao, wana methali yao ya kujikinga nayo, ile isemayo kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Kila mtawala anayewaambia wanyonge kwamba shida zao ni za uvivu wao wenyewe anaitumia methali hiyo hata kama hajui Kiswahili. Huwanyima kilio kabla hawajafungua kinywa.

Mtu anaweza kupinga kwamba maana ya machozi imeshaingia katika "lia" kwa kiasi cha kutosha, na kwamba Kiswahili hakiwezi kuzuiwa kubadilika. Pingamizi hilo lina ukweli. Riwaya na hadithi fupi za Kiswahili zimejaa wahusika wanaolia kimya kimya, na msemo "kulia kimoyomoyo" una umri mrefu. Lakini inafaa kutambua kwamba katika semi zote mbili kielezi kimetumwa kwenda kuiondoa sauti. Kama kitenzi kingekuwa tayari ni bubu, kielezi kisingekuwa na kazi. Mwandishi stadi hujua hivyo na huutumia mvutano huo: mhusika anayelia kimoyomoyo ni mtu mwenye jambo la kusema na asiye na wa kumwambia. Mwandishi mwingine huandika "alilia" tu, akimaanisha matone mawili shavuni, na msomaji aliyekulia katika Kiswahili husikia nyumba nzima ikitikisika. Kosa hilo ni dogo, lakini linaongezeka, na karibu kila mara chanzo chake ni sentensi ya Kiingereza iliyofikiriwa kwanza.

Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina aliandika shairi linalosemeshana na marehemu mwenyewe, likimwita kwa jina. Wanafunzi hulitaja shairi hilo kama mfano wa mshairi anayemlilia mkewe, na wako sahihi zaidi ya wanavyojua, ila wakitakiwa kufafanua huanza kutafuta machozi ndani ya beti. Wangeutazama mwito ule wa mwanzo. Kumlilia mtu ni kumwita asiyeweza kuitika.

Mazrui aliwekwa kizuizini mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya tamthilia yake kutoka. Mashairi yaliyotokana na kizuizi hicho yalichapishwa mwaka 1988 kwa jina la Chembe cha Moyo. Mfasiri yeyote anayetaka kulipeleka jina la tamthilia ile katika Kiingereza atakuwa na "cry" mkononi, na safari hii neno litamfaa kwa kiasi, kwa kuwa maana ya kale bado iko hai katika siasa. Itambidi achague kihusishi: ama kilio kinachotoka kwa haki, ama kilio kinachoiendea. Vyote viwili kwa pamoja hatavipata. Matanga atayaacha upande wa pili wa mto.